Sindano ya mgongo au nusu kaputi? Kinachoamua katika upasuaji wa kujifungua

Mama akiambiwa kwamba atajifungua kwa upasuaji, swali lake la kwanza huwa ni la mtoto. La pili, mara nyingi kwa sauti ya chini, huwa ni la sindano: "Mtanichoma mgongoni au mtanilaza?" Wengi wangependa kulala. Wanaona afadhali wasisikie wala wasione chochote, waamke mtoto akiwa ameshafunikwa vizuri pembeni yao. Sindano ya mgongo wanaiogopa, kwa sababu wamesikia inapoozesha miguu au inaacha maumivu ya kiuno yasiyokwisha. Kisha wanashangaa kumwona mtaalamu wa usingizi, mtu ambaye kazi yake ni kulaza watu, akijitahidi kuwashawishi wasilale.

Sababu yake haiko mgongoni. Iko kooni, tumboni na mapafuni mwa mama mjamzito. Asiyeielewa sababu hiyo hawezi kupima njia hizi kwa haki, na mazungumzo ya njia ipi ni bora yanaishia kuwa ya kutishana tu.

Mimba inaubadilisha usingizi

Mtu aliyelazwa kwa nusu kaputi hapotezi fahamu peke yake. Anapoteza pia ule ulinzi wa koo unaotufanya tukohoe au tumeze kitu kinapoelekea njia isiyo yake. Kwa mgonjwa wa kawaida mwenye tumbo tupu hilo halina shida kubwa. Kwa mjamzito ni jambo jingine kabisa. Homoni za mimba hulegeza kilango kilicho kati ya umio na tumbo la chakula, mji wa mimba husukuma tumbo hilo juu, na uchungu ukishaanza chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida. Yaliyomo yakipanda wakati mama hana fahamu, yanaweza kuingia mapafuni, na asidi ya tumbo huyaunguza mapafu.

Mwaka 1946 daktari Mmarekani Curtis Mendelson alichapisha maelezo ya wanawake 66 waliopatwa na jambo hilo, kati ya zaidi ya 44,000 waliojifungua katika hospitali moja ya New York. Hali hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ndiyo maana mama anayesubiri upasuaji uliopangwa huambiwa asile kwa saa sita, anaruhusiwa maji matupu hadi saa mbili kabla, na hupewa dawa ya kupunguza makali ya asidi kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Si ukali wa wauguzi.

La pili ni oksijeni. Mimba ikifika mwishoni mwili hutumia oksijeni takriban asilimia 20 zaidi ya kawaida, huku akiba ya hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi ikiwa imepungua kwa karibu kiwango hicho hicho, kwa kuwa kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kimesukumwa juu. Matumizi yamepanda, akiba imeshuka. Mama akiacha kupumua kwa sababu ya dawa, oksijeni katika damu yake hushuka haraka mno kuliko ya mtu asiye mjamzito.

Na katika muda huo mfupi ndipo mtaalamu anapaswa kupitisha mpira wa kupumulia kwenye koo ambalo nalo limebadilika. Utando wa koo la mjamzito huvimba na kutoka damu kwa urahisi, hasa akiwa na shinikizo la damu la mimba. Katika upasuaji wa kujifungua, mpira hushindikana kuingia kwa takriban mama mmoja kati ya 400, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha upasuaji mwingine. Ukiweka mambo hayo matatu pamoja unaona kinachomnyima mtaalamu amani: kazi ni ngumu zaidi, muda ni mfupi zaidi, na tumbo linaweza kurudisha yaliyomo wakati wowote.

Takwimu zinaonyesha hivyo hivyo, ingawa zinahitaji kusomwa kwa makini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Global Health ulikusanya tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, ukakuta kwamba nusu kaputi iliambatana na uwezekano wa mama kufa wa takriban mara tatu ukilinganisha na ganzi ya mgongoni. Lakini anayelazwa mara nyingi ni yule aliyefika akivuja damu au akiwa mahututi, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ni ya ugonjwa wenyewe, si ya dawa. Marekani nako kuna funzo: katika miaka ya 1985 hadi 1990 watafiti walikadiria kwamba hatari ya kifo kutokana na nusu kaputi ilizidi ile ya ganzi kwa karibu mara 17. Kufikia kipindi cha 1997 hadi 2002 ilikuwa imeshuka chini ya mara mbili. Nusu kaputi mikononi mwa mtu aliyefunzwa, mwenye mashine za kupima oksijeni na pumzi na vifaa vya kuokoa njia ya hewa, si ile ile anayoitoa mtu mmoja asiye na msaidizi.

Kinachotokea mgongoni

Agosti 1898, mjini Kiel nchini Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alimchoma mgonjwa kokeini kwenye majimaji ya uti wa mgongo na kumpasua mguu bila maumivu. Baadaye yeye na msaidizi wake walijaribiana wenyewe kwa wenyewe, na wote wawili wakaumwa kichwa sana. Njia iliyozaliwa hapo ndiyo inayotumika leo kwa wanawake wengi zaidi wanaojifungua kwa upasuaji, na maumivu ya kichwa ya Bier tutayarudia.

Mama huketi ukingoni mwa kitanda, au hulala ubavu, akiinamisha kidevu na kuutoa mgongo nje. Mgongo husafishwa kwa dawa ya baridi. Kwanza huja sindano ndogo ya kutia ganzi ngozi, ambayo huwasha kidogo, na mara nyingi hiyo ndiyo inayouma kuliko zote. Kisha sindano nyembamba ndefu hupita katikati ya mifupa miwili ya kiunoni. Mtaalamu hatazami ukutani wala hazungumzi sana wakati huo, anasubiri tone. Maji maangavu yakichungulia mwishoni mwa sindano, anajua amefika.

Wengi hudhani kwamba sindano hiyo inaingia kwenye shina kuu la neva linaloshuka kutoka ubongoni. Kwa mtu mzima shina hilo huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne. Katika sehemu hiyo kuna nyuzi za neva zinazoelea ndani ya majimaji, na nyuzi zinazoelea husogea sindano inapopita.

Dawa ya ganzi inayotumika mara nyingi ni bupivakeini, kama mililita mbili tu au zaidi kidogo, iliyochanganywa na glukosi ili iwe nzito kuliko majimaji ya mgongo. Uzito huo una maana: dawa hufuata mteremko, kwa hiyo jinsi mama anavyolazwa mara baada ya sindano huamua ganzi itapanda hadi wapi. Joto huanza makalioni na miguuni. Dakika tano hadi kumi baadaye miguu imekuwa mizito, haiinuki.

Hapo mtaalamu hupima kwa kitu cha baridi, akipanda taratibu kutoka pajani hadi kifuani, na haridhiki mpaka ubaridi upotee karibu na usawa wa chuchu. Mama hujiuliza kwa nini juu hivyo, wakati chale inakatwa chini kabisa ya kitovu. Jibu ni kwamba ngozi siyo inayoamua. Utando unaozunguka matumbo na viungo vya ndani hupeleka taarifa zake za maumivu kupitia neva zinazoingia mgongoni juu zaidi. Ganzi ikiishia kitovuni, mama hatasikia kisu, lakini ataumia mji wa mimba unapovutwa.

Dawa huongezewa kiasi kidogo sana cha fentanili, dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya upasuaji wenyewe, na pale inapopatikana, mofini ya mikrogramu 100 hadi 150 tu. Kiasi hicho kidogo cha mofini hutuliza maumivu kwa karibu siku nzima baada ya upasuaji. Gharama yake ni mwasho, hasa usoni na kifuani, na kichefuchefu kwa baadhi. Nadhani faida hii haisemwi vya kutosha. Mama anayeweza kujigeuza na kumbeba mtoto saa chache baada ya upasuaji amepata kitu ambacho aliyelazwa hakipati kirahisi.

Tatizo linaloonekana mara nyingi zaidi ni kushuka kwa shinikizo la damu. Neva zinazozuiwa si za maumivu peke yake. Zimo pia zile zinazokaza mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, shinikizo hushuka, na damu inayomfikia mtoto hupungua pamoja nalo. Mtaalamu hulizuia kwa dripu, kwa dawa za kukaza mishipa kama feniliefrini au efedrini, na kwa kuinamisha kitanda kidogo upande wa kushoto ili mji wa mimba usiubane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Dalili ya kwanza mara nyingi si namba kwenye mashine. Ni mama kusema, "Najisikia kutapika." Basi aseme mara moja, asivumilie.

Kuna lingine ambalo asivumilie kamwe. Chini ya ganzi nzuri mama huhisi kuguswa, kusukumwa na kuvutwa, wakati mwingine kwa nguvu, hasa mtoto anapotolewa. Hilo ni la kawaida na aambiwe mapema. Maumivu makali si ya kawaida. Mama akisema anaumia, anaumia. Haifai kuambiwa ni woga, wala kuambiwa "tunakaribia kumaliza". Upasuaji unaweza kusimama kidogo, dawa ya mshipa ikaongezwa, na ikibidi akalazwa kabisa. Ganzi iliyoshindwa ni tatizo la kitabibu lenye ufumbuzi, na ufumbuzi huanza kwa kumwamini mwenye mwili.

Sasa turudi kwenye kichwa cha Bier. Sindano ikitoboa mfuko wa majimaji, majimaji huweza kuendelea kuvuja, na mama huumwa kichwa kinachozidi akiketi au kusimama na kupungua akilala. Sindano za siku hizi ni nyembamba na ncha yake ni ya kupenya kati ya nyuzi za mfuko huo badala ya kuzikata, kwa hiyo tatizo hili limeshuka hadi takriban mmoja kati ya 100 au pungufu. Lisipotulia kwa dawa na mapumziko, mama huweza kuchomwa mgongoni mililita 15 hadi 20 za damu yake mwenyewe, ambayo huganda na kuziba tundu. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo.

Na maumivu ya kiuno? Kidonda kidogo mahali pa sindano huweza kuuma siku chache. Kuhusu maumivu ya kudumu, tafiti zilizolinganisha wanawake waliochomwa mgongoni na wasiochomwa wakati wa kujifungua hazijaonyesha tofauti. Mimba yenyewe huvuta kiuno kwa miezi, kano za nyonga hulegea, kisha huja kuinama na kunyonyesha usiku kucha. Sindano hulaumiwa kwa sababu inakumbukwa. Kupooza kwa kudumu kunawezekana, ila ni nadra mno, na mara nyingi chanzo chake ni damu au usaha uliojikusanya ndani ya mgongo. Ndiyo maana mama huulizwa kuhusu dawa za kuyeyusha damu, na hupimwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, pale kunapokuwa na shaka.

Epidurali

Epidurali huchanganywa sana na sindano ya mgongo. Yenyewe haifiki kwenye majimaji. Mpira mwembamba huachwa nje ya mfuko, na dawa hupitishwa humo kidogo kidogo, kwa kiasi kikubwa kuliko cha sindano moja. Huchukua muda zaidi kushika, na ganzi yake huweza kuwa na mapengo. Thamani yake huonekana kwa mama aliyewekewa tangu wakati wa uchungu kisha ikaamuliwa apasuliwe: mpira upo tayari, dawa kali zaidi inaongezwa, na hachomwi tena. Zipo pia hospitali zinazounganisha njia zote mbili, sindano kwa ajili ya kasi na mpira kwa ajili ya upasuaji unaotarajiwa kuwa mrefu.

Pale nusu kaputi inapokuwa jibu sahihi

Kamba ya kitovu imemtangulia mtoto na mapigo ya moyo wake yanashuka. Kondo la nyuma limebanduka na mama anavuja damu nyingi. Chembe sahani zimeshuka sana, au mama ametumia dawa ya kuyeyusha damu na muda haujapita. Ana maambukizi mahali pa kuchoma. Ganzi imejaribiwa ikakataa. Au ameelezwa yote, akaelewa, na bado hataki sindano ya mgongo. Hiyo nayo ni sababu halali. Katika hali hizi nusu kaputi huokoa maisha, na anayeihitaji asijione kama aliyepewa njia ya daraja la pili. Mama aliyepoteza damu nyingi ndiye hasa anayeweza kuangushwa na ganzi ya mgongoni, kwa sababu mishipa iliyokaza ndiyo pekee iliyokuwa ikimshikilia.

Mpangilio wa kazi hugeuka. Tumbo hupakwa dawa na kufunikwa vitambaa mama akiwa macho, na mpasuaji husimama tayari kabla dawa ya usingizi haijaingia. Mama huvutishwa oksijeni kwa barakoa kama dakika tatu ili kujaza ile akiba iliyopungua. Kisha huingia propofoli, thiopentali au ketamini, ikifuatwa na dawa ya kulegeza misuli, na mpira wa kupumulia huingizwa mara moja. Haraka yote hii ina sababu: dawa za usingizi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Mtoto anaweza kutoka akiwa mlegevu na kuhitaji kusaidiwa kupumua dakika za mwanzo. Kipimo kinachotumika kumkadiria, alama za Apgar, kilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, naye alikuwa daktari wa usingizi. Ikiwa mtoto alikuwa mzima kabla ya upasuaji, ulegevu huo kwa kawaida hupita haraka.

Hasara nyingine mbili hazisikiki sana. Gesi za usingizi hulegeza mji wa mimba, hivyo damu huweza kutoka zaidi. Na kwa kuwa dawa hupimwa kwa kumfikiria mtoto, wapo akina mama wanaozinduka kidogo huku mwili haujisogezi. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria hali hiyo kuwa mmoja kati ya 670 katika upasuaji wa kujifungua, wakati kwa nusu kaputi zote kwa jumla ilikuwa mmoja kati ya 19,000. Mama akisema anakumbuka sauti za chumba cha upasuaji, asikilizwe na apewe msaada.

Shinikizo la damu la mimba linastahili maelezo yake, kwa kuwa akili ya kawaida hupotosha hapa. Mtu angedhani mama mwenye shinikizo la juu alazwe ili asihangaike. Kumbe kuingiza mpira kooni hupandisha shinikizo ghafla, na mshipa wa damu unaweza kupasuka ubongoni. Tena koo lake ndilo lililovimba kuliko yote. Chembe sahani zake zikiwa salama, sindano ya mgongo kwa kawaida ndiyo inayomfaa. Ketamini nayo hupandisha shinikizo, kwa hiyo kwake huepukwa.

Ketamini bila mpira wa kupumulia hutumika mahali pasipo na mtaalamu wala mashine, kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Huleta ndoto za kutisha, na haimkingi dhidi ya kutapika kuingia mapafuni. Pakikosekana vyote, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaeleza upasuaji kwa ganzi ya lidokeini inayochomwa tumboni tabaka kwa tabaka. Unahitaji mkono mpole wa mpasuaji na uvumilivu mkubwa wa mama.

Ya kusema kabla, ya kuangalia baada

Mtaalamu wa usingizi akiuliza saa ya chakula cha mwisho, aambiwe ukweli hata kama ni chai na mkate wa nusu saa iliyopita. Atajwe ndugu yeyote aliyewahi kupata shida kubwa kwenye usingizi wa upasuaji, maana baadhi ya athari za dawa hurithiwa. Meno yanayolegea, dawa za kuyeyusha damu, kutoka damu ovyo, mpira ulioshindikana kuingia katika upasuaji uliopita: yote hayo hubadilisha uamuzi. Na mama ana haki ya kuuliza, "Ganzi ikishindwa mtafanya nini?" Mtaalamu mwenye mpango atajibu bila kusita.

Baada ya sindano ya mgongo, nguvu za miguu hurudi polepole. Saa nne baada ya dawa ya mwisho, mama anatakiwa aweze kuinua mguu ulionyooka kutoka kitandani. Akishindwa, au ganzi ikirudi baada ya kuisha, au mgongo ukiuma sana pamoja na homa, mtaalamu wa usingizi aitwe saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Damu iliyojikusanya mgongoni ikiondolewa ndani ya saa chache, miguu huweza kupona. Ikisubiri hadi asubuhi, huenda isipone.